Mauaji ya Kim Wall

Mauaji ya Kim Wall yalitokea usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Agosti 2017 ndani ya nyambizi ya binafsi katika bahari karibu na Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Kim Wall alikuwa mwandishi wa habari kutoka Uswidi mwenye umri wa miaka 30. Aliuawa na Peter Madsen, mvumbuzi wa Kidenmark aliyeijenga nyambizi hiyo. Kesi hii inajulikana sana kwa sababu mtuhumiwa alibadilisha maelezo yake mara kadhaa, na kila mara ushahidi wa kitaalamu ulionyesha kwamba maelezo hayo hayakuwa ya kweli. Mwaka 2018 Madsen alihukumiwa kifungo cha maisha.

Wahusika

Kim Wall alizaliwa tarehe 23 Machi 1987, akakulia Trelleborg kusini mwa Uswidi. Alisoma London na baadaye Chuo Kikuu cha Columbia huko New York. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Makala zake zilichapishwa katika magazeti kama The Guardian na The New York Times. Aliripoti kutoka nchi nyingi, zikiwemo Uganda, Sri Lanka, Haiti na Kuba.

Peter Madsen alizaliwa mwaka 1971. Alikuwa maarufu Denmark kwa kujenga nyambizi na roketi kwa msaada wa watu wa kujitolea. Mwaka 2008 alizindua nyambizi UC3 Nautilus yenye urefu wa karibu mita 18. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa waanzilishi wawili wa kikundi cha Copenhagen Suborbitals kilicholenga kurusha roketi yenye mtu ndani. Alikiacha kikundi hicho mwaka 2014 na kuanzisha mradi wake mwenyewe.

Safari ya nyambizi

Wall alitaka kuandika makala kuhusu Madsen na roketi zake. Jioni ya Alhamisi tarehe 10 Agosti 2017, mnamo saa moja, alipanda Nautilus bandarini Refshaleøen, Copenhagen. Wakati huo yeye na mchumba wake walikuwa wakijiandaa kuhamia China, na marafiki walikuwa wamekusanyika karibu na hapo kuwaaga. Safari ilitarajiwa kuwa fupi. Wall alipokosa kurudi, mchumba wake alitoa taarifa usiku huo, na msako ukaanza.

Asubuhi ya tarehe 11 Agosti nyambizi ilionekana katika Ghuba ya Køge, kusini mwa Copenhagen. Muda mfupi baadaye, mnamo saa tano, ilizama. Madsen aliokolewa akiwa peke yake.

Maelezo ya kwanza: alishuka salama

Madsen aliwaambia polisi kwamba alimshusha Wall bandarini Refshaleøen mnamo saa nne na nusu usiku, na kwamba nyambizi ilizama kwa sababu ya hitilafu katika tangi la maji ya kuizamishia.

Nyambizi iliinuliwa kutoka sakafu ya bahari na kukaguliwa. Haikuwa na mtu ndani, lakini wataalamu walikuta damu. Aidha, ukaguzi ulionyesha kwamba haikuzama kwa hitilafu, bali ilizamishwa kwa makusudi. Maelezo ya kwanza hayakuweza kusimama tena: kama abiria alishuka salama, hakukuwa na sababu ya mwenye chombo kukizamisha. Madsen aliwekwa mahabusu.

Maelezo ya pili: ajali ya kifuniko

Tarehe 21 Agosti polisi walitangaza kwamba Madsen sasa alidai Wall alikufa kwa ajali chomboni, naye akamzika baharini. Siku hiyohiyo mwendesha baiskeli aliona kiwiliwili cha mwanamke ufukweni mwa kisiwa cha Amager. Kichwa, mikono na miguu vilikuwa vimekatwa.

Vinasaba, yaani DNA, vya mwili huo vililinganishwa na vile vilivyopatikana katika mswaki na brashi ya nywele ya Wall, pamoja na damu iliyokutwa ndani ya nyambizi. Tarehe 23 Agosti polisi walithibitisha kwamba ulikuwa mwili wake. Ulikuwa umefungiwa vyuma ili uzame, tena ulikuwa umetobolewa. Jambo hili lina maana katika uchunguzi: maiti inapooza hujaa gesi na kuelea juu, na mwenye kuitoboa hutaka gesi hiyo itoke ili maiti ibaki chini.

Mbele ya mahakama mwezi Septemba, Madsen alieleza kwamba kifuniko cha mlango wa nyambizi, chenye uzito wa kilo 70, kilimponyoka na kumwangukia Wall kichwani. Alidai kwamba mwili ulikuwa mzima alipoutosa baharini.

Kwa hiyo kichwa kikawa ushahidi muhimu kuliko vyote. Chuma cha kilo 70 kikimwangukia mtu na kumuua, fuvu hubaki na alama ya kuvunjika. Kinyume chake, fuvu zima lingekanusha dai hilo moja kwa moja.

Msako ulifanywa na wazamiaji wa jeshi la Denmark, wakisaidiwa na mbwa kutoka Uswidi waliofundishwa kunusa harufu ya maiti inayopanda kutoka chini ya maji. Mbwa hao hukaa katika mashua, na wanapoonyesha dalili ya harufu wazamiaji hushuka. Mapema mwezi Oktoba wazamiaji walipata katika Ghuba ya Køge mifuko iliyowekewa vipande vya chuma. Ndani yake mlikuwa na kichwa, miguu, nguo na kisu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba fuvu halikuvunjika popote.

Maelezo ya tatu: gesi ya sumu

Tarehe 30 Oktoba polisi walitangaza kwamba Madsen alikuwa amebadilisha maelezo tena. Sasa alikiri kuukata mwili, lakini akadai kwamba Wall alikufa kwa kuvuta kaboni monoksidi ndani ya nyambizi wakati yeye mwenyewe alikuwa juu ya sitaha. Mahakamani alisema kwamba alificha jambo hilo ili kuepusha familia isijue jinsi ndugu yao alivyokufa. Mikono yote miwili ilipatikana baharini mwezi Novemba.

Dai la gesi lilikuwa gumu zaidi kulipima, kwa sababu mwili ulikaa majini na ulikuwa umekatwa. Hata hivyo, lilishindwa kueleza mambo mengine. Mwili ulikuwa na majeraha mengi ya kuchomwa, yakiwemo 14 katika sehemu za siri, na madaktari waliona kwamba yalitokea karibu na wakati wa kifo. Madsen alisema alichoma ili mwili usielee, lakini mahali majeraha yalipokuwa hapakulingana na sababu hiyo. Upande wa mashtaka ulionyesha pia kwamba alikuwa amepeleka chomboni msumeno, bisibisi iliyonolewa na mikanda, na kwamba video za wanawake wakiuawa zilikutwa katika kompyuta iliyokuwa karakanani kwake.

Hukumu

Kesi ilianza tarehe 8 Machi 2018 katika Mahakama ya Jiji la Copenhagen. Mwendesha mashtaka alikuwa Jakob Buch-Jepsen. Madaktari hawakuweza kusema kwa uhakika Wall aliuawa kwa njia gani. Walitaja uwezekano wa kunyongwa au kukatwa koo. Pengo hilo halikumwokoa mshtakiwa. Mahakama ilipima ushahidi wote kwa pamoja na kuona kwamba maelezo yake hayaaminiki.

Tarehe 25 Aprili 2018 Madsen alipatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia, ya shambulio la kingono na ya kuukosea heshima mwili wa marehemu. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Alikata rufaa dhidi ya adhabu tu, na mwezi Septemba 2018 mahakama ya rufaa ikathibitisha adhabu hiyo.

Baada ya hukumu

Mwaka 2020, katika mazungumzo yaliyorekodiwa na kutangazwa, Madsen alikiri kwa mara ya kwanza kwamba alimuua Wall. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alitoroka gereza la Herstedvester, akakamatwa karibu na hapo muda mfupi baadaye. Mwaka 2021 alihukumiwa miezi 21 kwa kosa hilo.

Wazazi wa Kim Wall, ambao wote wawili ni waandishi wa habari, walishiriki kuanzisha mfuko wa kumbukumbu unaowasaidia waandishi wa kike kugharimia kazi zao. Upelelezi wa kesi hii ulionyeshwa katika tamthilia ya televisheni ya Kidenmark ya mwaka 2020, ambayo ilifuata kazi ya wapelelezi na familia, na haikumwonyesha muuaji kabisa.