Mshono usioguswa

Nilikuwa nimemfuata mtaalamu wa fiziotherapia kwa habari nyingine kabisa, ya migongo ya madereva wa daladala. Daftari nilishalifunga, tunaagana, ndipo akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba madereva si wagonjwa wagumu. Wagumu ni akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Wapo, alisema, waliopasuliwa miaka miwili, mitatu, hata mitano iliyopita, na hawajawahi kuugusa mshono wao kwa mkono. Wanaoga kwa kuuruka. Maji yakishapita juu yake, basi, wanahesabu wameoga.

Habari ya madereva iliishia hapo. Mtu anaishije miaka mitano na sehemu ya mwili wake asiyoigusa? Na kwa nini mimi, niliyezungukwa na dada, shemeji na majirani waliozaa kwa kisu, sikuwahi kulisikia jambo hili? Nikaomba nafasi nyingine ya kuonana naye.

Mtaalamu huyu wa fiziotherapia anafanya kazi katika hospitali moja jijini Dar es Salaam, na kwa kuwa hana kibali cha kuisemea, jina lake linabaki kwake. Alisomea KCMC, Moshi. Wagonjwa humwita dokta. Amechoka kuwakatalia, sasa anaitika.

Kwenye droo ya meza yake kuna kopo la biskuti lisilo na biskuti. Alilifungua na kupanga vitu mezani kimoja kimoja. Bonge la pamba. Kipande cha kanga kuukuu, kilicholegea kwa kufuliwa. Kipande cha kanga mpya ambayo haijaingia majini, ingali na ule ukakamavu wa dukani. Taulo lililokatwa, ukubwa wa kiganja. Burashi laini ya nywele za mtoto mchanga. Mwisho, kichupa cha mafuta ya nazi. Nilidhani ni vitu vya kuchezea watoto wanaokuja na mama zao. Kumbe ndiyo dawa yenyewe.

Akaniambia nikunje shati mpaka kwenye kiwiko, akaanza kunionyesha kwenye mkono wangu. Alisema haanzi kwenye mshono hata siku moja. Anaanza mbali, juu ya kitovu au kwenye paja, mahali ambapo ngozi haina kinyongo na mtu. Pamba kwanza, taratibu, mama akiwa amelala chali na magoti ameyakunja, na mkono unaopitisha pamba ni wa mama mwenyewe. Hilo analisisitiza. Yeye akipitisha, mama anafumba macho na kusubiri yaishe, namna ileile alivyosubiri chumba cha upasuaji. Akipitisha mwenyewe, yeye ndiye anayeamua pamba ifike wapi.

Pamba ikizoeleka hufuata kanga kuukuu, kisha taulo, kisha burashi. Kanga mpya hukaa mwisho, na alipoipitisha kwenye mkono wangu nilielewa kwa nini: inakwaruza kidogo, siyo kwa kuumiza, ila kwa kukukumbusha kwamba una ngozi. Kila kitambaa kinapewa dakika chache kwa siku, kikisogea kila mara karibu zaidi na kovu, kulizunguka, hadi siku kinapolivuka. Wapo wanaovuka siku ya kwanza na kushangaa walichokuwa wanakiogopa. Mmoja, alinisimulia, alifika na pamba upana wa vidole vitatu juu ya mshono, akasimama, akavaa, akaondoka. Alirudi baada ya mwezi akiwa na swali moja tu: je, ni kawaida kulia?

“Nikamwambia ni kawaida,” alisema, akirudisha burashi kwenye kopo. “Sikumwuliza analilia nini.”

Baada ya vitambaa hufuata mafuta ya nazi na vidole viwili. Ngozi ya kovu inasukumwa juu na chini, kulia na kushoto, kisha inazungushwa, kwa uzito ambao hauleti maumivu. Kusudi ni kovu lisigandamane na nyama zilizo chini yake, kwa sababu likigandamana huvuta, na mama anayevutwa huanza kutembea ameinama bila kujijua. Hapo ndipo nilipoambiwa, kwa tabasamu, kwamba mada yangu ya mgongo haikwenda mbali. Akina mama wengi huilaumu sindano ya ganzi kwa maumivu ya mgongo wao. Yeye hutazama kwanza mama anavyosimama, anavyoinama kunyonyesha, na kama misuli ya tumbo imerudi kazini.

Haya yote huanza jeraha likiwa limefunga na kukauka vizuri, kwa kawaida wiki ya sita au baadaye, na baada ya mama kuonwa na daktari. Kovu lenye wekundu unaoenea, usaha, harufu au joto halikandwi. Linapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kovu linalovimba na kuwasha, lile linaloitwa keloidi, ambalo watu weusi tunalipata zaidi, nalo lina daktari wake. Hakunificha kwamba tafiti kuhusu kukanda kovu la uzazi bado ni chache na ndogo. Anachokiona chumbani kwake anakiamini, lakini hakiiti uthibitisho. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Kinachomkera ni uongo mdogo ambao hakuna aliyeuleta kwa nia mbaya: kwamba ukipasuliwa umekatwa misuli ya tumbo. Mama akiamini hivyo anaona mazoezi hayana maana, kimekatwa kimekatwa. Katika upasuaji wa kawaida daktari hukata ngozi, mafuta, na utando mgumu ulio chini yake. Misuli miwili mirefu inayosimama sambamba kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena haikatwi. Husogezwa kando kama mapazia mawili, ndipo njia ya kuufikia mfuko wa uzazi inapopatikana. Mkato wenyewe mara nyingi ni wa kulala, chini ya mstari wa chupi, kwa namna iliyoelezwa na Mjerumani Pfannenstiel mwaka 1900. Vinavyokatika ni vineva vidogo vya ngozi, na ndiyo maana eneo lile hufa ganzi kwa miezi, kwa wengine zaidi. Ganzi hiyo inawatisha wengi. Anayegusa mwili wake na asisikie kitu, ana haki ya kutishika.

Misuli ile miwili mirefu iliachana zamani, kabla ya kisu. Ni mimba iliyoisukuma. Ukilala chali, magoti juu, ukainua kichwa kidogo na kubonyeza vidole juu ya kitovu, unaweza kuhisi mwanya katikati yake. Mwanya wa zaidi ya vidole viwili ni wa kumwonyesha mtaalamu kabla hujaanza kujikunjakunja sakafuni kwa kufuata video za simu. Dawa ya awali haina hata jasho: pumzi ndefu, tumbo likirudi taratibu kuelekea mgongoni wakati wa kutoa hewa, na misuli ya chini ya nyonga, ile unayoibana ukizuia mkojo, ikibanwa pamoja nalo. Hata aliyezaa kwa upasuaji anaihitaji hiyo. Miezi tisa ya kubeba mtoto haikuuliza angetokea njia ipi.

Alipofika kwenye mada ya wakwe na mila zao za uzazi, nilitega sikio. Nilitegemea atakandia kila kitu. Mkaja hakuukataa. Kanga iliyofungwa kwa wastani humshikilia mama siku za mwanzo, anapokohoa, anapocheka, anapokwenda chooni. Tatizo ni ule wa kukazwa na watu wawili mpaka pumzi inakatika, na ndugu yake wa kisasa, ule mkanda wa Kariakoo wa “kupunguza nyama uzembe”, kwa sababu tumbo likibanwa namna hiyo uzito wote unashuka kwenye misuli ya chini ambayo tayari imechoka. Kukandwa kwa maji ya moto ndiko kunakomnyima usingizi. Mahali penye ganzi hapajui moto. Mama anaungua na anasema ahsante.

Kisha akanieleza somo ambalo humkasirisha kwamba halitolewi wodini: jinsi ya kutoka kitandani. Usijikunje kuinuka. Kunja magoti, geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto juu ya mshono. Ni maneno yanayokwisha kabla uji haujapoa. Wengi wanaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge, tarehe ya kutoa nyuzi na onyo moja: usibebe kitu kizito kuliko mtoto.

Hilo la mwisho tulilijadili kwa muda. Mtoto mchanga ana kilo tatu hivi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na ukiongeza ndoo yenyewe inapita. Mama aliyepanga chumba na sebule Mbagala, bomba liko kwa jirani, mume ametoka alfajiri, mama mkwe amesharudi kijijini baada ya arobaini au hakufika kabisa, onyo hilo alifanyie nini? Mtaalamu wangu huwafundisha kujaza nusu, kuchota kwa vidumu vidogo, kutoa pumzi wakati wa kuinua, kutofua na kudeki siku moja. Alisema haya akitazama dirishani. Anajua anafundisha namna ya kuumia kidogo. Nilimwuliza kama hilo ni jukumu la fiziotherapia au la mume, au la mamlaka ya maji. Hakunijibu, na sina jibu la kumwazima.

Wengine humjia na picha kwenye simu. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika, aliyejifungua kwa upasuaji Agosti 2017 na kuwa bingwa wa dunia wa mita 100 pale Doha mwaka 2019, kwa sekunde 10.71. Serena Williams, aliyejifungua Septemba 2017 na kucheza fainali ya Wimbledon Julai 2018. Mtaalamu wangu hazichukii picha hizo, ila habari ya Serena anaisimulia kwa kuanzia mahali pengine: baada ya kujifungua alipata damu iliyoganda mapafuni, akakohoa mpaka mshono ukafumuka, akarudishwa chumba cha upasuaji. Hicho ndicho kipande anachotaka mgonjwa wake aondoke nacho. Fainali ilikuwa na makocha, wapishi na watu wa kuosha vyombo.

Na kuna lile ambalo kopo la biskuti halilifikii. Mama anayezima taa kabla ya kuvua nguo. Anayeambiwa na mawifi kwamba hakuzaa, alizalishwa. Kwamba aliona uvivu kusukuma. Ngozi inayoning’inia juu ya kovu, ambayo mazoezi huipunguza kwa wengine na kwa wengine hugoma. Niliuliza kama kujiamini hurudi pamoja na misuli. Kwa wengine ndiyo, alisema. Yupo aliyepona kila kitu kinachopimika, mwanya umefunga, mgongo umenyooka, na bado hajajitazama kwenye kioo. Huyo hampeleki popote, kwa kuwa hajui pa kumpeleka.

Idadi ya wanaojifungua kwa upasuaji haipungui. Duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa kwa upasuaji. Hapa kwetu utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta 6 katika kila 100, na tangu hapo idadi imepanda. Tumejifunza kupasua, na kwa hilo kuna mama na watoto wengi walio hai. Kushona pia tumejifunza. Yanayofuata tumewaachia mama mkwe na YouTube.

Nafasi ya kurekebisha ipo na haihitaji jengo jipya. Mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, na wiki ya sita ndiyo hiyohiyo ambayo Shirika la Afya Duniani linataka mama naye aonwe. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inajazwa. Wizara ya Afya iagize siku hiyo mshono utazamwe, mwanya upimwe kwa vidole viwili, na mama afundishwe kuinuka kitandani, kama hakufundishwa wodini. Agizo likichelewa, mama, usilisubiri. Mwombe muuguzi wa kliniki auangalie mshono wako, na umuulize fiziotherapia iko jengo lipi.