Kilo moja ya maharagwe, bei nne

Katika supamaketi kubwa za Nairobi maharagwe hukaa sehemu tatu: makavu kwenye mifuko ya kilo, ya kopo karibu na nyanya za kusindikwa, na yaliyochemshwa kwenye friji, tayari kuungwa. Toka nje, tembea kidogo kuelekea mtaani, na huenda ukamkuta mama aliyeyachemsha kwa makaa tangu alfajiri akiyapima kwa kikombe. Chakula ni kilekile. Swali ni nani aliyelipia moto, na nani aliyengoja.

Kopo ndilo lenye kuficha mengi. La gramu 400 lina maji ndani yake, na ukiyachuja unabaki na gramu 240 hivi. Maharagwe makavu yakiiva huongezeka uzito karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo gramu hizo 240 zilikuwa kama 100 tu zilipoingia kiwandani. Makopo kumi, basi, ndiyo kilo moja. Kopo likiuzwa Sh120, kilo ya maharagwe umeinunua kwa Sh1,200, bei inayoipita nyama ya ng'ombe kwenye bucha nyingi za mitaani.

Makavu nayo hayaivi kwa kutazamwa. Yanataka saa mbili au tatu za moto, isipokuwa umeyaroweka usiku kucha au una sufuria ya presha. Kwa mpangaji anayeteremka kwenye matatu saa mbili usiku, na mtungi wake wa gesi wa kilo 6 uko mwishoni, kilo ya bei nafuu inaweza kuwa ghali kuliko zote. Hapo ndipo mama wa makaa anapoishinda rafu: sufuria yake kubwa hupika kwa moto mmoja unaogawanywa kwa wateja wa mtaa mzima. Ya friji yanauza nafuu hiyohiyo, ila juu yake kuna mfuko, umeme na kodi ya pango la jengo.

Kwenye unga hesabu hubadilika. Pakiti ya kilo mbili hushindana na gorogoro, mkebe wa mahindi wenye uzito unaokaribia kilo hizohizo mbili, pamoja na ada ya kusaga. Unga wa kinu cha mtaani huwa na nafaka nzima, wakati unga mweupe wa pakiti umeondolewa pumba, ambazo kiwanda huwauzia watengenezaji wa chakula cha mifugo. Kwa kushibisha, gorogoro mara nyingi hushinda. Lakini tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe madini na vitamini, na kinu cha mtaani hakina maabara ya kupima sumukuvu. Wala pakiti si kinga kamili: Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumu hiyo. Tofauti ni kwamba chapa ina jina la kusimamishwa.

Maziwa ndiyo eneo ambalo supamaketi zimejifunza kutoka kwa kioski. Mashine za maziwa, ambazo kila mtu huziita ATM, humruhusu mteja kuja na chupa yake na kununua kwa pesa alizonazo, bila kulipia kifungashio. Maziwa ya boksi yasiyohitaji friji hulipiwa zaidi, na kwa nyumba isiyo na friji nyongeza hiyo ina maana hadi boksi linapofunguliwa. Ya unga huonekana ghali kwa kilo, lakini kilo moja hutoa karibu lita nane. Gawanya bei kwa nane kabla hujaguna.

Kwa mboga za majani sioni ushindani wowote. Mama mboga hukata sukuma wiki mbele yako, nyembamba unavyotaka, huongeza dania, na akikujua hukuandika daftarini hadi mwisho wa mwezi. Supamaketi huuza sukuma iliyokatwa kwenye trei, na nyingine imeanza kukauka kingo. Wanaosema supamaketi ndiyo nyumba ya urahisi wanafikiria maegesho ya magari.

Mkopo wa daftari, hata hivyo, una bei yake, sawa na vipimo vidogo. Mafuta ya kupima na sukari ya robo, biashara ambayo Wakenya huiita kadogo, humfanya mwenye kipato kidogo alipe zaidi kwa kila lita na kila kilo. Analijua hilo vizuri. Anachokosa ni pesa za mtungi wa lita tano kwa mkupuo mmoja. Kwa mwenye mshahara, bidhaa zisizooza kama mafuta, sukari na mchele ndizo zinazofaa safari ya supamaketi mara moja kwa mwezi, mradi nauli isimeze akiba.

Minyororo mikubwa ya supamaketi nayo imeumia. Nchini Tanzania, Shoprite ya Afrika Kusini iliiuzia Nakumatt ya Kenya maduka yake mwaka 2014, na Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga matawi yake ya huko mwaka uliofuata. Duka la Mangi, yaani duka dogo la mtaani, lipo bado kila kona. Nakumatt yenyewe ilikufa kwa madeni, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Wengi wao walikuwa wasambazaji walioleta bidhaa kwa mkopo.

Nafuu ya rafuni, kwa kiasi kikubwa, hugharamiwa na wasambazaji hao. Duka hupokea bidhaa leo, huuza taslimu, kisha hulipa baada ya wiki au miezi, na linaweza kudai punguzo juu ya punguzo. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, faini ya takriban Sh1.1 bilioni kwa kutumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Mtengenezaji mkubwa wa mafuta anaweza kuhimili masharti ya namna hiyo kwa muda. Msindikaji mdogo wa asali au mtindi mara nyingi hawezi, naye hupeleka mzigo kwenye vioski, ambako chupa zake hulipwa siku hiyohiyo.