Pumba ni rahisi, lakini hazitengenezi ganda la yai

MFUGAJI wa kuku wa mayai aliyeko Ifakara ana nafuu ambayo wenzake wengi hawana. Bonde la Kilombero ni la mpunga, mashine za kukoboa ni nyingi, hivyo pumba hazimsumbui kuzipata. Ndiyo maana wapo wanaozidisha pumba kwenye chakula cha kuku ili kupunguza gharama.

Hasara hujitokeza kuku wanapotaga.

Kitaalamu, ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za madini ya kalsiamu. Kuku hula kama gramu 110 za chakula kwa siku, na humo anatakiwa apate karibu gramu 4, kwa kuwa si yote inayoingia mwilini. Pumba tupu za uzito huo hazifikishi hata gramu 0.2. Isitoshe, zina fosforasi nyingi ambayo huibana kalsiamu tumboni.

Pengo hilo hulipwa na mifupa. Tetea anapokaribia kutaga, homoni ya uzazi iitwayo estrojeni humwezesha kuweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa. Kiwango kikishuka katika damu, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni nyingine inayochota akiba hiyo. Ni sawa na duka linalouza bila kununua bidhaa mpya: maganda huwa laini, mayai hupasuka njiani kabla ya kufika sokoni, na mwishowe kuku hushindwa kusimama.

Vitamini D ndiyo inayowezesha utumbo kunyonya kalsiamu. Kuku anayezurura juani hujitengenezea mwenyewe kupitia ngozi. Anayefungiwa bandani kutwa lazima aipate kwenye mchanganyiko wa vitamini unaouzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo.

Kwa kuku wanaotaga, kila kilo 100 za chakula zichanganywe na kilo 8 hadi 9 za chokaa ya mifugo. Chokaa ya kupaka kuta isitumike. Vifaranga nao wasipewe kiasi hicho, kwani kalsiamu ikizidi huharibu figo zao. Wasubiri hadi wakaribie kutaga.

Pumba zibaki kuwa sehemu ya chakula, zisiwe chakula chote. Mfugaji anayebana fedha ya chokaa huilipa baadaye kwa mayai yaliyopasuka.