Mwanafunzi Akikosea, Somo Limwambie Nini?

Masomo mengi ya kujisomea mtandaoni yana dosari ileile. Mwanafunzi akipata, skrini inarusha nyota, akikosa, inatokea alama nyekundu na maneno "Jaribu tena." Ajaribu nini? Darasani angemwuliza mwalimu, au angechungulia daftari la jirani. Huku yuko peke yake na simu, na somo limeishiwa maneno pale hasa alipoyahitaji.

Ndiyo maana mbunifu makini hutumia muda mwingi kwenye makosa kuliko kwenye maelezo. Chukua hesabu ya kutoa: 52 − 27. Jibu ni 25, lakini wapo watakaoandika 35. Mmoja amegeuza mamoja akafanya 7 toa 2, kwa kuwa 2 haitoshi kutoa 7. Mwingine amechukua kumi vizuri, akafanya 12 toa 7, kisha akasahau kwamba makumi yamepungua. Wote wameangukia 35, na programu haina namna ya kuwatofautisha. Badilisha tarakimu moja tu, iwe 53 − 27, nao wanaachana: wa kwanza anapata 34, wa pili 36. Anayeandika 80 amejumlisha. Huyo hakutazama alama, basi.

Wa 34 aulizwe: "Una mamoja 3. Yanatosha kutoa 7?" Wa 36: "Ulichukua kumi moja. Makumi yamebaki mangapi?" Jibu lisitajwe bado. Halafu wapewe swali jipya la aina hiyo, maana anayerekebisha lilelile huenda amebahatisha.

Fikra hii imeitangulia intaneti. Marekani, miaka ya 1950, B. F. Skinner alibuni mashine ya kufundishia kwa hatua ndogondogo ili mwanafunzi akosee mara chache iwezekanavyo. Norman Crowder akaja na njia nyingine: mwache akosee, kisha kila kosa limpeleke kwenye ukurasa wake wa maelezo. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walichapisha kazi yao kuhusu programu ya BUGGY, iliyoonyesha kwamba makosa mengi ya kutoa si uzembe: mtoto anafuata kanuni yake kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina hitilafu. Mimi niko upande wa Crowder, ingawa njia yake inachosha, kwani kila kosa ni maelezo mengine ya kuandika.

Maswali ya kuchagua a, b, c, d siyapendi sana. Kisanduku cha kuandika hufichua zaidi. Jibu usilolitarajia lihifadhiwe. Likijirudia kwa wanafunzi kadhaa, kaa na mmojawao, mwombe akokotoe kwa sauti, nawe unyamaze.

Na bando? Kinachokula bando ni video. Maelezo ya makosa ni maandishi machache. Yapakuliwe mwanzoni pamoja na somo, ili mtandao ukikatika katikati ya swali, mwenye 36 bado aulizwe kuhusu makumi yake.