Je, Wajua? Kigari Hakimwagi Mkojo

Mbwa aliyepooza miguu ya nyuma anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo bila kuonyesha maumivu hata kidogo. Jeraha la uti wa mgongo, kama lile linalowapata sana mbwa aina ya dachshund diski inapochomoka kati ya pingili, huweza kukata pia mawasiliano ya ubongo na kibofu. Kigari cha magurudumu humrudishia mwendo, na furaha yake inagusa moyo kweli, lakini mkojo hubaki kibofuni. Humo bakteria huzaana, hasa E. coli.

Basi mwenye mbwa humsaidia: mara 3 au 4 kwa siku hukiminya kibofu taratibu kwa viganja viwili, kimoja kila upande wa tumbo, mbele kidogo ya nyonga, mpaka mkondo ukatike. Daktari wa mifugo amfundishe kwanza, maana nguvu ikizidi kibofu kinaweza kupasuka. Kisha manyoya huoshwa na kukaushwa, pamoja na mikanda ya kigari iliyolowa.

Nyumbani, tegemea pua na macho: harufu kali kuliko ya jana, mkojo uliochafuka kama maji ya kuoshea mchele, damu, homa, kususa chakula. Hapo daktari huvuta mkojo kwa sindano moja kwa moja kibofuni, ukaoteshwe maabara ijulikane dawa ipi inawaua bakteria hao. Ila wakionekana bakteria na mbwa hana dalili yoyote, mara nyingi hapewi antibiotiki. Dawa za ovyo huleta usugu, na mbwa huyu atazihitaji tena.