Tela la kreti ya maji

Kreti ya maji hapa Ujerumani huwa na chupa 12 za kioo, na ikijaa haipungui kilo 15. Ukiifunga kwenye keria, kila ukisimama kwenye taa baiskeli inataka kulala. Mimi naiweka kwenye tela.

Naishi Münster, mji ambao baiskeli ndiyo bosi. Jumapili maduka ya vyakula hufungwa, hivyo Jumamosi nanunua vya familia nzima: viazi, vitunguu na kabichi kwenye soko la mbele ya kanisa kuu, mchele kwenye duka la Waasia, halafu hiyo kreti. Gari sina, wala silitamani.

Tela langu lilikuwa la kubebea watoto. Wamekua, nikakunja kiti, likawa la viazi. Linafungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kwa mkono wa chuma wenye kiungo kinachogeuka kila upande. Kwa ajili ya kiungo hicho baiskeli inaweza hata kuanguka na tela likabaki limesimama. Kuna pini, na kuna mkanda wa akiba pini ikichomoka. Mimi nikishafunga nalivuta kwanza kwa nguvu. Matela ya gurudumu moja yapo pia, membamba, yanafaa vijia vya msituni. Kwa maji siyapendi: yanainama pamoja na baiskeli, na wewe ndiye wa kuuzuia mzigo usilale.

Kupakia nako kuna akili yake. Vizito vikae chini, katikati, mbele kidogo ya ekseli ya tela. Ukirundika nyuma, mkono unanyanyuka na kuliinua gurudumu la baiskeli, nalo linakosa mshiko wakati wa breki. Mayai yanakaa juu ya mchele, na hayavunjiki, maana tela linalorukaruka ni lile tupu. Lenye mzigo hutulia.

Matela mengi hayana breki, kwa hiyo kilo zote hizo zinakusukuma unapotaka kusimama. Münster ni tambarare, nashika breki mapema na yanaisha. Ningekuwa Mwanza, na ile milima yake, ningefikiria mara mbili. Kwenye kona tela hukata ndani, basi zungukia mbali kidogo, hasa penye nguzo za kuzuia magari. Sheria ya huku nayo inataka tela jipya lenye upana unaozidi sentimita 60 liwe na taa nyekundu nyuma.

Mama yangu wa Tabora akiniona kwenye video hucheka: "Mwanangu, mkokoteni umekufuata mpaka Ulaya?" Namjibu, mama, huu una taa.

Na kwenda sokoni tela haliendi tupu. Chupa za wiki iliyopita zinarudi dukani na kreti yake, senti 15 kila chupa na euro 1.50 ya kreti. Hiyo euro 3.30 haiingii kwenye hesabu ya nyumbani. Ni ya kahawa yangu pale sokoni.