Jinsi vinasaba vilivyofichua chanzo cha Ebola Butembo na Beni

Februari 7, 2021, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kuwa Ebola imerejea Butembo. Ilikuwa miezi saba tu tangu mlipuko mkubwa wa 2018 hadi 2020, uliowaua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, utangazwe kumalizika. Wakazi walijiuliza: umetoka wapi tena? Wengine walisema ni biashara ya watu wanaotafuta fedha.

Jibu lilipatikana katika vinasaba vya virusi vyenyewe.

Kanuni yake ni ileile ambayo wanafunzi wa biolojia hujifunza kwa hamira ya mikate. Hamira ina herufi za vinasaba zipatazo milioni 12. Hitilafu ikiharibu jeni moja tu, iitwayo ADE2, hamira ambayo huota nyeupe kwenye sahani ya maabara hugeuka nyekundu, na uzao wake hurithi rangi hiyo. Anayeiona nyekundu anajua imetoka wapi.

Virusi vya Ebola vina herufi zipatazo 19,000 tu. Vinapojinakili, makosa madogo hutokea na kurithiwa. Wakati wa mlipuko mkubwa, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa tiba ya INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, walisoma herufi hizo Kinshasa na pia Katwa, Butembo.

Mwaka 2021, sampuli za Butembo zilionyesha kuwa virusi vile ni uzao wa mlipuko uliopita. Havikutoka upya kwa wanyama wa msituni. Majibu kama hayo yalipatikana Beni Oktoba 2021 na Agosti 2022.

Maana yake ni kwamba virusi vinaweza kujificha kwa muda mrefu mwilini mwa baadhi ya waliopona, kwa mfano katika shahawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza kisa cha kijana wa Kivu Kaskazini aliyepona, kisha akaugua tena baada ya takriban miezi sita. Mlolongo wa maambukizi ulioanzia kwake ulifikia wagonjwa 91.

Hapo ndipo penye hatari nyingine: manusura kunyooshewa kidole. Hakuna aliyechagua kubaki na virusi, na visa vya namna hiyo ni nadra. Ni manusura haohao waliowalea watoto wa wagonjwa Beni na Butembo wakati wengine waliogopa kuwagusa.

Manusura akitengwa, atajificha na hatarudi kupimwa. Akipokewa vizuri, atahudhuria kliniki, atapima shahawa, atatumia kondomu hadi apate majibu salama, na akihisi homa atawahi kituoni. Maabara imeonyesha virusi vilikotoka. Kuvizuia visienee tena kunategemea jinsi majirani wanavyoishi na waliopona.